Mwiri Hauna Likizo

Jumatatu ya tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa likizo ili tukapande miti. Lengo la siku hiyo moja lilikuwa miche milioni 100. Kuna waliolala mpaka saa sita mchana, haki yao. Kuna waliopanda kwa moyo, na hao sina ugomvi nao. Halafu kuna wale waliojaza simu zetu jioni ile: gambuti mpya, tishati ya kampuni, mtu amechuchumaa kando ya shimo lililochimbwa na mwingine, ameshika mche kwa vidole viwili kama anayeshika mkia wa panya, anatabasamu.

Mwulize mtu huyo leo: ule ulikuwa mche wa mti gani? Atakuambia, "mti". Mwulize uko wapi. Atakuonyesha picha.

Mimi nataka kuongea juu ya mti ambao hukuuona kwenye zile picha, na kama ulikuwepo, basi ni kwa bahati. Huku Nakuru wengi wanauita mwiri, jina la Kikuyu lililozoeleka. Wakalenjin wanauita tenduet, Waluhya mwiritsa, Wamaasai ol-koijuk. Wanasayansi wameuandika Prunus africana. Mti ukiwa na majina mengi hivyo ujue ni watu wengi waliouhitaji, kila mmoja kwa lugha yake. Lakini leo nenda Section 58 au Kiamunyi umwulize kijana wa miaka 22 mwiri ni nini. Atadhani unasema "mwili" na una shida ya kutamka.

Ukipanda kutoka Njoro kuelekea Mau Narok, au ukitoka Elburgon kwenda Molo mapema, kuna asubuhi ambazo mawingu hayako juu. Yameshuka, yamekaa katikati ya miti kama wageni waliokataa kuondoka. Msitu wa namna hiyo haungoji mvua tu. Unalowana kwa ukungu, tone kwa tone, mchana kutwa. Huko ndiko kwao mwiri. Ukiachwa unafika mita 30 na zaidi. Gome lake ni jeusi, limepasukapasuka vipande vya mrabamraba kama tope lililokauka. Ukifikicha majani yake unapata harufu ya lozi, na hilo si ajabu, kwa sababu mwiri ni wa ukoo mmoja na mlozi, mpichi na mplamu. (Usitafune, lakini. Harufu hiyo inatoka kwa kemikali za jamii ya sianidi.) Maua yake ni meupe, madogo, yamepangika kwenye vishada, na nyuki wanayajua vizuri kuliko sisi. Baada ya maua, vitunda vyekundu-zambarau, vichungu, ambavyo kima, mbega na ndege wanavila na kuzitawanya mbegu msituni bila likizo na bila mgeni rasmi.

Maua hayo hakuna anayeyapiga picha. Yako juu sana. Sisi watu wa mjini tuna jakaranda. Kila mwaka ikifika Oktoba lami inageuka zambarau na sisi wote tunageuka washairi. Naipenda jakaranda, siwezi kudanganya, lakini ni mgeni kutoka Bolivia na Argentina aliyeletwa wakati wa ukoloni kupamba barabara. Mji unaoweza kuandika mistari kumi juu ya ua la Argentina na usiweze kutaja ua moja la msitu unaoupa maji una shida, na shida hiyo haitibiwi na miche.

Sasa, kuna watu wanaoujua mwiri vizuri sana, na wako mbali. Ingia duka la dawa Ufaransa, Italia au Marekani, tafuta vidonge vya wazee wa kiume wanaoamka mara tano usiku kwenda kukojoa. Utasoma kwenye chupa jina la "Pygeum". Hilo ni jina la zamani la mwiri. Tangu miaka ya 1960, Mfaransa Jacques Debat alipochukua hataza ya dawa hiyo, gome la mwiri limekuwa likisagwa na kukamuliwa kutengeneza dawa ya kuvimba kwa tezi dume. Tathmini ya mtandao wa kitabibu wa Cochrane ilikuta kwamba inaleta nafuu ya wastani. Kwa hiyo si uganga wa kubahatisha. Ni dawa, ina soko, na malighafi yake ni ngozi ya mti wetu.

Gome lilitoka Kamerun, likatoka Madagaska, likatoka Kenya pia. Miaka ya 1990 tulikuwa miongoni mwa nchi zilizokuwa zikilisafirisha. Shida ya gome ni hii. Ndani yake ndimo inamopita njia ya chakula, kutoka majani kwenda mizizi. Kuna kanuni ya kuvuna inayojulikana: chuna robo ya shina upande mmoja, na robo upande unaotazamana nao, kisha uache mti upone miaka kadhaa. Lakini mtu anayelipwa kwa kilo, usiku, msituni, na anajua kesho atakuja mwingine, hachuni robo. Anazunguka shina lote kutoka chini mpaka anapofika mkono. Mwiri uliochunwa hivyo unakufa umesimama. Na tusijifanye ni Wazungu peke yao; waganga wa mitishamba wa kwetu nao wana visu.

Mwaka 1995 mwiri uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Maana yake ni kwamba gome halivuki mpaka bila kibali kinachothibitisha kwamba uvunaji hauumalizi mti. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi kutoka Kamerun kwa sababu ya uvunaji holela. IUCN nayo imeuweka katika orodha ya miti iliyo kwenye hatari ya kutoweka. Hivyo ulimwengu wa makaratasi unajua. Tatizo ni huku chini, ambako mti unaolindwa na mkataba wa kimataifa hauna mlinzi mmoja anayejua uko wapi.

Nitarudi sasa kwenye miche, kwa sababu ndiko kwenye ugomvi wangu hasa.

Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Chukua kikokotoo. Bilioni 15 kwa miaka kumi ni bilioni 1.5 kwa mwaka. Gawa kwa siku 365: zaidi ya milioni 4 kila siku ya Mungu, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Wengi walicheka hesabu hii wakisema haiwezekani. Mimi sina shaka inawezekana, na hapo ndipo ninapoogopa. Lengo likiwa kubwa na la haraka namna hiyo, lenyewe linachagua mti. Wewe utadhani ni waziri anayechagua, au mtaalamu, au chifu. Hapana. Hesabu ndiyo inayochagua.

Ona inavyofanya kazi. Mbegu ya mwiri haipendi kusubiri. Ikaushe, iweke kwenye gunia mpaka msimu ujao, umezika maiti. Inataka kuokotwa mbichi, kutolewa nyama ya tunda, na kuwekwa udongoni ndani ya wiki chache. Mti wenyewe hauzai kwa wingi kila mwaka, na mche unaopandwa leo utachukua zaidi ya miaka kumi kabla ya kukupa mbegu za maana. Kwa hiyo mwenye kitalu anayetaka mwiri lazima ajue miti mama iko wapi, afike matunda yanapoiva, si wiki mbili baadaye, na ashindane na kima ambao walianza kazi hiyo kabla hajazaliwa. Akishachelewa, amechelewa.

Weka kando ya hiyo mbegu ya mkaratusi. Ni ndogo kama ugoro. Inakaa kwenye mkebe miaka na bado inaota. Kiganja kimoja kinakupa kitalu kizima. Saipresi vilevile, mgrevilea vilevile. Zinaagizwa, zinaletwa, zinamwagwa kwenye kitanda cha udongo, na miezi michache baadaye una maelfu ya miche ya kupakia kwenye pikapu siku mheshimiwa anapokuja. Sasa wewe ndiye mwenye kitalu. Mteja amepiga simu: anataka miche 20,000 Ijumaa. Hakutaja jina la mti. Utampa nini?

Hakuna mtu mbaya katika hadithi hiyo. Mwenye kitalu ana watoto. Mteja ana bajeti ya kufunga kabla ya mwisho wa mwaka. Mheshimiwa ana kamera. Na mwisho wa siku tumepanda, tumehesabu, tumepiga makofi, na msitu wa mawingu haujaongezeka hata kwa mti mmoja.

Najua utakaloniambia: mti ni mti, kivuli ni kivuli, hewa ni hewa. Na mkaratusi unalipa karo. Kweli. Mzee wa Kuresoi aliyepanda nusu ekari ya mikaratusi akauza nguzo za stima na kupeleka msichana wake chuo, huyo simgusi, na mtu yeyote anayeishi Milimani na kumfokea kwamba mikaratusi inakunywa maji ananiudhi. Lakini tuite kitu kwa jina lake. Hiyo ni zao. Inapandwa kwa mistari, inavunwa, inauzwa, inapandwa tena, kama mahindi, ila inachukua miaka zaidi. Ihesabiwe pamoja na mahindi. Kinachonikera ni kuichukua na kuiandika kwenye ukurasa wa "urejeshaji wa misitu".

Na tunaiandika hivyo rasmi. Katiba yetu, Kifungu cha 69, inataka angalau asilimia 10 ya nchi iwe na miti. Tathmini ya kitaifa ya 2021 ikasema tumefika asilimia 12.13. Vifijo. Ila asilimia hiyo inahesabu mwavuli wa miti popote ulipo: msituni, shambani, kando ya barabara. Haiulizi ni mti gani. Ukikata mwiri wa miaka 100 ukapanda mikaratusi inayofunika eneo lilelile, kwenye karatasi hakuna kilichotokea.

Na huku Nakuru kuna mengi yaliyotokea. Msitu wa Mau ulikuwa na takriban hekta 400,000. Mwaka 2001, uchaguzi ukikaribia, serikali ya Moi iliondoa sehemu kubwa kwenye ulinzi wa sheria; Mau Mashariki peke yake, ule ulio juu yetu hapa, ulipoteza zaidi ya hekta 35,000 kwa tangazo la gazeti la serikali. Maelezo yalikuwa kwamba ardhi ni ya maskwota na Waogiek. Jopo lililoundwa 2008 likatoa ripoti mwaka uliofuata: kama robo ya Mau, zaidi ya hekta 100,000, ilikuwa imekwenda katika miaka 15 hivi, na miongoni mwa waliogawiwa walikuwemo watu wakubwa ambao hawajawahi kulala nje siku moja kwa kukosa kiwanja.

Mito ya Njoro, Makalia na Nderit inaanzia huko Mau Mashariki na kuishia Ziwa Nakuru. Njoro ni mto ambao sehemu zake za chini zinakauka kiangazi. Mvua ikinyesha unashuka na rangi ya chai ya maziwa. Hiyo rangi ni shamba la mtu. Nishasikia watu wakisema, lakini ziwa limejaa, maji yamemeza mpaka lango la zamani la mbuga, tatizo la maji liko wapi? Ripoti ya serikali ya 2021 kuhusu maziwa ya Bonde la Ufa ilitaja mvua kuongezeka na pia matumizi ya ardhi kubadilika. Ziwa lililofurika na mto uliokauka si mambo yanayopingana. Ardhi yenye msitu inakunywa mvua na kuitoa polepole kwa miezi. Ardhi iliyo uchi inairusha yote chini siku hiyo hiyo, pamoja na udongo, halafu inakaa na kiu.

Basi tufike Molo. Tarehe 2 Julai 2023, miezi minne tu kabla ya ile likizo yetu, Rais alikuwa Molo kwenye ibada akatangaza kuondoa marufuku ya kukata miti iliyokuwepo tangu Februari 2018. Alisema ni upuuzi miti iliyokomaa kuozea msituni na watu wakakosa kazi. Chama cha Mawakili kikaenda mahakamani na utekelezaji ukasimamishwa kwa muda. Nitakuwa mwaminifu: tangazo lilihusu mashamba ya serikali ya saipresi na misonobari iliyokomaa, si miti ya asili. Na Elburgon na Molo ni miji ya mbao. Viwanda vilipofungwa vijana walikaa vibarazani, na kushangilia kwao siwezi kukudharau. Mashamba hayo yalipandwa yakatwe. Yakatwe.

Ila angalia jinsi tulivyofundishwa kuongea. Julai, miti "inaoza" msituni, ni mali inayopotea. Novemba, miti ni wokovu, tunapewa likizo. Katika sentensi zote mbili mti ni mti tu, hauna jina. Na msitu ambao miti yake haina majina ni rahisi sana kuubadilisha na kitu kingine. Mti wa mwiri, kwa macho ya namna hiyo, ni mti mzee "uliokomaa".

Novemba hiyohiyo ya likizo ilikuwa na habari nyingine ambayo haikupata tishati. Kuanzia mwanzoni mwa mwezi, Waogiek wa Sasimwani, upande wa Narok wa Mau, walikuwa wakifurushwa, nyumba zao zikibomolewa, kwa jina la kulinda msitu. Hawa ni watu ambao Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya imevunja haki zao, na ikasema wazi kwamba serikali haikuthibitisha kuwa wao ndio walioharibu Mau. Juni 2022 mahakama hiyo ikaagiza walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 na warudishiwe hati za ardhi ya mababu. Mwaka mmoja na miezi michache baadaye, tingatinga za maneno na moto wa kweli.

Waogiek ni watu wa asali. Mizinga yao inafuata maua: msimu huu chini, msimu ujao juu, kulingana na mti gani umechanua kwenye mwinuko gani. Yaani wana kalenda ya msitu kichwani. Wanajua mwiri upi ulizaa mwaka juzi na upi uliruka. Ni maarifa yaleyale ambayo mwenye kitalu wetu anayahitaji na hana. Tukamfukuza mwenye kalenda, tukatangaza likizo, tukatuma watu wasioujua msitu wakapande mti wasioujua jina. Kama ungeniambia nitunge kichekesho nisingethubutu kwenda mbali hivyo.

Kila tunapobishana hivi mtu atanitajia Wangari Maathai: Mama Miti, Green Belt, 1977, Nobeli ya 2004, alituambia tupande. Alituambia, ndiyo. Lakini kumbuka alikopigiwa. Januari 1999 alikwenda Karura kupanda mti langoni kwa sababu msitu ulikuwa unagawiwa wajenzi, na genge la watu likampiga yeye na wenzake mpaka damu. Hakuna anayepigwa kwa ajili ya mche. Alipigwa kwa sababu ya miti iliyokuwa tayari imesimama nyuma ya lango lile, ambayo mtu mwenye nguvu aliitaka ardhi yake. Mche ulikuwa hati ya mashtaka. Sisi tumechukua picha yake ameinama na mche, tukaacha lango.

Basi tufanye nini, maana najua mwandishi wa kulalamika tu anachosha.

Kwanza, tuache kuhesabu siku ya kupanda. Serikali ina programu ya simu, JazaMiti, ya kurekodi miti inayopandwa. Vizuri. Iweke safu nyingine mbili ambazo kila mtu anaweza kusoma: aina ya mti, na uko hai au umekufa baada ya miaka mitatu. Kaunti ya Nakuru inaponunua miche kwa kodi zetu, ichapishe ni mingapi ya kila aina, kutoka kitalu gani. Hizi si siri za kijeshi.

Pili, pesa ziende kwa miti iliyosimama. Mwiri mmoja mkubwa wenye gome lake lote, juu ya Njoro au kule Londiani, ni kitalu kisichohitaji mabomba. Kima wanakifanyia kazi bure. Miti mama kama hiyo itafutwe, ipewe namba, na mtu anayeishi jirani alipwe kila mwezi kuichunga na kuokota mbegu kwa wakati. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina kituo Londiani; wataalamu wapo hapa hapa, saa moja na kitu kwa gari. Sheria ya misitu ya 2016 inatambua vyama vya jamii vya misitu. Waogiek wapo, wale ambao bado tumewaachia mahali pa kukaa. Kinachokosekana ni mtu wa kutia saini. Mlinzi wa mti mama hapendezi kwenye ripoti ya mwaka ya kampuni, najua. Hakuna utepe wa kukata.

Tatu, na hii ni yetu sisi wa mjini. Ukialikwa siku ya kupanda miti na ofisi, kanisa, chuo au kampuni ya simu, kabla hujachukua tishati uliza maswali matatu. Ni mti gani? Mbegu zilitoka mti upi? Nani atamwagilia Januari? Uliza kwa heshima, lakini uliza mbele ya watu. Kama hawana jibu, rudisha tishati. Kizazi kilichosoma Mswada wa Fedha wa 2024 kifungu kwa kifungu kwenye simu zenye kioo kilichopasuka hakiwezi kushindwa na risiti ya kitalu.

Na wewe mwenye shangazi Molo, babu Keringet, mjomba Mau Summit: yeye anaweza kuwa na mwiri kwenye mpaka wa shamba, ule mti mweusi ambao kila mwaka anasema ataukata apate kuni. Mpigie. Mwambie kuna Wazungu wanaonunua gome lake kwa chupa, kwamba nyuki wanautaka, kwamba asiruhusu mtu kuuzunguka na panga. Kama matunda yameiva, aziokote mbegu leo, azioshe, azipande wiki hii, na asizianike. Mwiri utavumilia kuwa shambani katikati ya mahindi. Umefanya hivyo kwa wakulima wengi wa milimani bila kulalamika.

Ila sijamaliza na ile Jumatatu. Kama miche milioni 100 ilishuka udongoni tarehe 13 Novemba 2023, basi mikaratusi ya siku ile saa hizi imepita paa la nyumba, na mwiri wowote uliopandwa na kunyweshwa ungekuwa unamtazama mwenye tishati kwa juu. Mko na orodha, mko na picha, mko na majina ya wageni rasmi. Tuonyesheni mmoja, hapa Nakuru. Tutakuja kuutazama kwa matatu, kwa nauli yetu wenyewe, siku ya kazi.